Kimbweta, baraza na kivuli: jinsi majengo ya chuo yanavyowakutanisha wanafunzi

Mzazi wa kijijini akipata habari kwamba mtoto wake amechaguliwa kujiunga na chuo kikuu Dar es Salaam, maswali yake huwa yale yale. Ada ni kiasi gani? Mkopo umetoka? Atalala wapi? Ni maswali ya msingi na tumekuwa tukiyajibu mara kwa mara. Leo tunaongeza moja ambalo halimo kwenye fomu ya kujiunga: kipindi kikiisha saa sita mchana na kinachofuata ni saa kumi jioni, mtoto wako atakaa wapi hizo saa nne, na atakaa na nani?

Swali hilo tunaliuliza tukiwa Kibamba, pembezoni mwa jiji kando ya Barabara ya Morogoro. Zamani tulihesabiwa Kinondoni, na tangu mwaka 2016 tuko Wilaya ya Ubungo. Jirani yetu, eneo la Mloganzila kata ya Kwembe, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kina ardhi ya takriban eka 3,800. Hospitali imeshajengwa huko, lakini sehemu kubwa ya ardhi hiyo bado ni pori na nyasi. Chuo chenye nafasi kiasi hicho kinaweza kupangwa vizuri tangu mwanzo, au kikatawanywa hadi watu wake wasijuane. Kwa hiyo tumeona tueleze jinsi majengo yanavyoweza kuwaunganisha wanafunzi au kuwatenganisha.

Kimbweta ni nini?

Kwa msikilizaji ambaye hajawahi kufika chuoni, kimbweta ni meza ya zege iliyozungukwa na viti vya zege. Hujengwa nje, aghalabu chini ya mti au kando ya njia itokayo madarasani. Wengi wakiwa ni vimbweta. Utavikuta Mlimani, Mzumbe, Morogoro, Dodoma na hata kwenye vyuo vya ualimu. Havifungwi kwa kufuli, havilipiwi, na hakuna mlinzi wa kukuuliza kitambulisho.

Hapo ndipo hufanyika diskasheni. Wanafunzi watano au sita wanakaa na daftari moja lenye maelezo mazuri, mmoja anaeleza, mwingine anabisha, wa tatu anauliza lile ambalo aliona haya kuuliza mbele ya mhadhiri na watu mia tatu. Hapo pia ndipo habari hupita: kipindi kimehamishwa, jaribio ni Alhamisi, majina ya kusaini bumu yametoka. Mwanafunzi asiye na kikundi huzipata habari hizo zikiwa zimepoa. Ukikosa jaribio moja, ukachelewa kuwasilisha kazi mbili, unajikuta kwenye orodha ya wanaorudia mitihani, na baadaye ukadisko, yaani ukaondolewa chuoni kwa kushindwa masomo. Aliyetoka sekondari ya kata peke yake, bila ndugu wala rafiki mjini, ndiye yuko kwenye hatari hiyo zaidi. Aliyesoma shule kubwa ya mjini huingia chuoni na kundi lake tayari, lakini wa kijijini lazima alitafute, na linatafutwa mahali watu wanapokaa.

Wazee wa pwani walilijua jambo hili kabla ya vyuo vikuu. Nenda Unguja Mjini, Lamu au Bagamoyo, utazame nyumba za zamani. Mbele ya nyumba, kando ya mlango, kuna baraza: kiti kirefu cha mawe kilichoungana na ukuta. Mgeni anapokelewa hapo bila kuingia ndani. Mpita njia anasalimia, akiitwa anakaa, asipoitwa anaendelea na safari yake bila aibu. Siri ya baraza ni kwamba hapo si ndani wala si nje, na hakuna anayelazimika kutoa sababu ya kuwapo. Kimbweta ni mjukuu wa baraza. Si bure kwamba neno lile lile la kiti cha mawe ndilo tunalotumia kwa baraza la madiwani na baraza la mawaziri.

Wataalamu wa ng'ambo nao waliupima ukweli huu. Mwaka 1950 watafiti watatu wa Marekani, Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kwenye nyumba za wanafunzi wenye familia katika chuo cha MIT. Walitaka kujua nani amekuwa rafiki wa nani. Waligundua kwamba jambo lenye nguvu kubwa lilikuwa mlango. Watu walifanya urafiki na waliokaa mlango wa jirani kuliko wa mlango wa nne, ingawa umbali kati yao ulikuwa hatua chache tu. Waliokaa chini karibu na ngazi walikuwa na marafiki wengi zaidi wa ghorofa ya juu, kwa sababu kila anayepanda au kushuka lazima awapite. Aliyechora ngazi ile, bila kujua, aliwapangia watu marafiki.

Mlimani

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakikuanzia mlimani. Kilifunguliwa Oktoba 1961 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika 20. Mwaka 1964 kilihamia kwenye kilima magharibi ya jiji, ndipo watu wakaanza kusema fulani yuko Mlimani. Tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea.

Majengo ya mwanzo yalichorwa na kampuni ya Kiingereza ya Norman & Dawbarn. Ukiyatazama utaona waliheshimu hali ya hewa ya hapa. Korido nyingi ziko wazi upande mmoja, upepo unapita, na ukitoka darasani unaona watu wengine wanaotoka darasani. Katikati kuna Ukumbi wa Nkrumah na paa lake lenye pembe kali. Hata kama hujawahi kufika, umewahi kuushika mkononi: ulichorwa nyuma ya noti ya shilingi 500. Mbele yake kuna uwanja ambao wanafunzi waliuita Uwanja wa Mapinduzi.

Miaka ya mwisho ya 1960, pale mlimani alifundisha Walter Rodney kutoka Guyana, ambaye mwaka 1972 alitoa kitabu chake mashuhuri kuhusu jinsi Ulaya ilivyoifanya Afrika iwe nyuma kimaendeleo. Alisoma pale Yoweri Museveni, ambaye leo ni Rais wa Uganda, na akawa kiongozi wa kikundi cha wanafunzi wanamapinduzi. Kikundi hicho kilikuwa na madarasa yake ya siasa siku za Jumapili na jarida lake lililoitwa Cheche. Hatusemi kwamba korido na uwanja ndivyo vilivyoleta mawazo yale. Zama zenyewe zilikuwa za moto. Lakini wanafunzi walikuwa wachache, walilala kilima kimoja, walikula katika mabwalo ya pamoja, na walipita njia zile zile kila siku. Wazo lililoanza asubuhi lilikuwa limefika kila bweni kabla ya chakula cha jioni.

Na tuseme wazi, watu wanaokutana hupanga pia mambo ambayo wakubwa hawayapendi. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao zaidi ya 300. Jarida la Cheche lilipigwa marufuku mwaka 1970. Mwaka 1990 chuo kilifungwa kutokana na mgogoro wa wanafunzi. Kwa hiyo mkuu wa chuo anayeogopa mikusanyiko ataona viti vya nje ni mzigo. Sisi tunaona chuo ambacho wanafunzi wake hawajuani kina matatizo makubwa zaidi, ila hayafiki mlangoni kwa mkuu, yanaishia kwa mwanafunzi mmoja mmoja chumbani.

Miaka ya 1990 ulikuja utaratibu wa kuchangia gharama. Chakula cha pamoja cha bure kikaisha, kila mmoja akapewa fedha ajinunulie. Wanafunzi nao wakaongezeka kuliko vitanda. Ndipo likazaliwa neno kubebana, yaani mwenye chumba kumlaza asiye na chumba, na ndipo mageto yakaenea Msewe, Changanyikeni, Makongo na Sinza. Mwanafunzi wa geto anafika chuoni asubuhi na begi lake lote la siku. Hana bweni la kurudi mchana. Kwake kimbweta ndiyo sebule.

Vitanda vinahesabika, kivuli hakihesabiki

Aprili 2017 Rais John Magufuli alizindua mabweni mapya Mlimani, majengo 20 yenye nafasi ya wanafunzi 3,840, yaliyojengwa na Wakala wa Majengo kwa muda mfupi mno. Novemba 2018 ikazinduliwa maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China, inayoweza kuchukua wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Ni kazi kubwa, na mzazi ambaye mtoto wake alikuwa akilala wawili kitanda kimoja hahitaji kuelezwa faida yake.

Tatizo ni namna tunavyopima. Kwenye hotuba ya uzinduzi husomwa idadi ya vitanda, viti vya ukumbi, vitabu na mabilioni. Hakuna anayesoma idadi ya miti yenye kivuli, urefu wa veranda, au ni watu wangapi wanaweza kukaa wakizungumza bila kumsumbua msomaji. Maktaba ni mahali pa kimya. Diskasheni ina kelele. Ukijenga cha kwanza ukasahau cha pili, wanafunzi watakaa ngazini na kuziba njia, halafu litawekwa bango la kuwafukuza.

Umbali nao una lake. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza mwaka 2007, kilipangwa kuchukua wanafunzi 40,000 na ndaki zake zimetawanyika kwenye eneo kubwa la vilima. Faida ni kwamba kila ndaki ina nafasi ya kupumua. Hasara yake ni kwamba mwanafunzi wa elimu na wa sayansi ya kompyuta wanaweza kumaliza miaka mitatu bila kuonana, labda kwenye mahafali. Jambo hilo halirekebishwi kwa kimbweta kimoja. Linahitaji njia za miguu zenye miti, usafiri wa ndani, na angalau jengo moja ambalo kila mtu ana sababu ya kulifikia, liwe zahanati, benki au mgahawa wa bei nafuu.

Kukarabati bila kuua

Si lazima kujenga upya. Mara nyingi kazi iko kwenye majengo yaliyopo. Jengo Kuu la Makerere, Uganda, lililojengwa mwaka 1941, liliungua Septemba 2020. Lilijengwa tena likiwa na sura ile ile na kufunguliwa Oktoba 2024. Ingewezekana kusimamisha ghorofa la vioo mahali pake. Lakini mbele yake kuna Uwanja wa Uhuru ambako wahitimu wa vizazi kadhaa wamevaa majoho, na jengo lile ndilo lililo nyuma yao kwenye kila picha.

Kwa majengo ya kawaida ya vyuo vyetu, ukarabati unaokutanisha watu huanzia kwenye vitu vidogo. Korido pana isiyo na kiti ni njia tu, lakini ukijenga kiti cha zege kwenye ukuta wake ni baraza. Chumba cha stoo kilichojaa viti vibovu kikisafishwa, kikitobolewa dirisha, kinakuwa chumba cha kikundi. Geti la pili lililofungwa miaka kumi likifunguliwa, njia mpya inapata watu na muuza uji anapata wateja. Na soketi. Siku hizi kikundi kinakaa pale penye umeme wa kuchaji simu na kompyuta, hata kama kiti ni kibaya. Ukiweka soketi chini ya paa karibu na vimbweta umeshawakutanisha.

Taa ni suala la usalama, hasa kwa wasichana. Eneo lisilo na taa hufungwa na giza saa moja jioni, na wasichana ndio huondoka kwanza, kisha kikundi kinabaki cha wavulana peke yao. Choo na maji ni vivyo hivyo: visipokuwa karibu, msichana hawezi kukaa saa nne.

Kuna pia Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayotaka majengo ya umma yafikike. Watu huielewa kuwa ni kujenga mteremko kwenye mlango mkuu, basi. Lakini mwanafunzi wa kiti mwendo akiingia darasani halafu akashindwa kufika kwenye kimbweta kwa sababu kiko ng'ambo ya mtaro, bado ametengwa. Kinachotakiwa ni njia ngumu iliyosawazishwa na upande mmoja wa meza usio na kiti.

Jua, upepo na masika

Mchoraji wa Dar es Salaam ana bahati na mkosi wa jua. Huku kwetu jua hupita karibu na utosi, likipiga ukuta wa mashariki asubuhi na wa magharibi jioni. Jengo refu likilazwa ili kuta zake ndefu zitazame kaskazini na kusini, hupata joto kidogo. Upepo wa kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi hushika katikati ya mwaka. Jengo lenye madirisha pande mbili, au ukuta wa matofali ya matundu, huupokea. Jengo la vioo vilivyofungwa hutegemea kiyoyozi, na umeme ukikatika kila mtu hukimbilia nje. Kwa bahati mbaya hayo ya vioo ndiyo yanayoonekana ya kisasa kwenye picha.

Kimbweta kisicho na paa hakifai wakati wa masika. Kuanzia Machi hadi Mei wanafunzi huhamia verandani, na kama veranda ni ya upana wa mtu mmoja, vikundi huvunjika. Kwa hiyo chuo kinahitaji vyote viwili: viti chini ya miti kwa kiangazi, na vibanda vya bati au veranda pana kwa mvua. Kuhusu miti, mashoki ile mirefu myembamba hupendeza kwenye geti lakini haina kivuli cha kukalia. Mwarobaini na mkungu vinafaa. Mwembe una kivuli kuliko yote, ila msimu wa maembe kaa kwa tahadhari.

Mloganzila

Sasa turudi jirani. Hospitali ya Mloganzila ilizinduliwa Novemba 2017 ikiwa na vitanda 571, kwa mkopo kutoka Korea Kusini. Mwaka 2018 uendeshaji wake uliwekwa chini ya Hospitali ya Taifa Muhimbili. Wanafunzi wa afya hujifunza pale kwa vitendo, wakati makao ya zamani ya chuo, ambayo mizizi yake ni shule ya udaktari iliyoanza mwaka 1963, yako Upanga katikati ya jiji. Anayejua foleni ya Barabara ya Morogoro anajua maana ya kuwa na sehemu mbili za chuo kwenye ncha mbili za jiji.

Vyuo kadhaa vya umma vimekuwa vikijenga kupitia mradi wa HEET, wenye mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 uliopitishwa mwaka 2021. Fedha za namna hiyo hutoka mara moja kwa kizazi, na jengo likishasimama hukaa miaka 50. Kwa chuo cha afya jambo hili lina uzito wa pekee. Mwanafunzi wa udaktari, wa uuguzi, wa famasi na wa maabara watakutana kazini usiku mmoja mbele ya mgonjwa mmoja. Kama kila mmoja alikuwa na jengo lake, mgahawa wake na kimbweta chake, watakutana kama wageni. Meza moja ya pamoja kati ya majengo manne ingewazoesha kuulizana mapema. Na pale Mloganzila kuna kundi lingine linalohitaji kukaa: ndugu wa wagonjwa, wengi wakitoka mbali, wakisubiri saa ya kuona mgonjwa. Viti vya chuo kikuu vya umma vinaweza kuwafaa na wao.

Kama shule yenu inataka kimbweta

Huhitaji kusubiri chuo kikuu. Sekondari ya kata yenye mti mmoja mzuri inaweza. Kiti kiwe na kimo cha sentimita 45 hivi, meza sentimita 75. Zege la ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto linatosha, na meza iwekwe nondo nyembamba ndani isije ikapasuka katikati. Uso wa meza uinamishwe kidogo upande mmoja ili maji ya mvua yasituame. Msijenge kwenye shina la mti, maana mizizi itainua zege. Sogeeni hatua nne au tano, kivuli bado kitafika. Mwagilieni maji siku saba kabla ya mtu kukaa. Kiwe karibu na njia ya watu, lakini si mbele ya dirisha la darasa.

Kwa chuo kikubwa, wakati wa kusema ni kabla michoro haijapitishwa. Serikali ya wanafunzi huwa na wawakilishi kwenye vikao vya chuo, na mzazi anaweza kumwagiza mwanawe apeleke swali huko. Swali lenyewe ni fupi: kwenye ramani hii, tuonyesheni mahali ambapo mtu asiye na chumba, asiye na hela ya mgahawa, anaweza kukaa kuanzia saa sita hadi saa kumi.